Mkangazi wa Mkurugenzi Umekauka, Nami Bado Namwambia Unastawi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko huu maana shule niliiachia kidato cha pili, si kwa ujinga, walimu wenyewe wanajua nilikuwa nawachosha kwa maswali, bali baba alianguka mkono mmoja ukakataa kufanya kazi, na miche haiwezi kukaa na kiu eti mtoto wa mtunza kitalu yuko darasani anatafuta x. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, natunza kitalu cha miche hapa Mpemba, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, na nisijisifu sana lakini kwenye simu yangu hii ya tochi kuna namba za wakubwa wanne wa serikali, wawili wao wakurugenzi, na wote hunipigia wao, mimi sibipu mtu. Majina ya wakubwa nimeyabadilisha, ila mti sikuubadilisha.

Nikueleze kwa nini wananipigia. Kitalu hiki ni cha kituo cha misitu cha serikali, na kituoni kwetu kuna desturi ambayo sijaisikia kwingine: afisa akihamishwa, kabla hajapakia godoro na meza zake kwenye lori, anapanda mti mmoja uani na kugongomewa kibati chenye jina, cheo na mwaka, na ile safu baba yangu alikuwa anaisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, huyu alikuja bwana miti wa baiskeli sasa yuko mkoani, huyu alikwenda Dodoma, huyu sijui ilikuwaje wakampeleka kwenye samaki, na huyu ilipokuja ile sheria ya kila halmashauri kuwa na mtu wa mazingira alilala bwana misitu akaamka afisa mazingira bila hata kubadilisha shati. Watumishi wanaamini, ingawa mbele za watu wanakana, kwamba mti ukistawi na mwenyewe anapanda cheo, ukidumaa naye anadumaa, ndiyo maana mtu yuko Dar es Salaam kwenye kiti kinachozunguka lakini ananiulizia mti wake kama anavyoulizia mama mgonjwa.

Sasa yupo mmoja, nimwite Bwana Anyosisye, huyu ndiye shida yangu. Alikuja hapa mwaka themanini na sita na cheti cha chuo cha misitu Olmotonyi, baiskeli ya Phoenix na mabuti ya mpira, akawa anapandisha mpaka Igamba kuwafundisha wakulima wa kahawa kupanda miti ya kivuli, anarudi jioni na tope mpaka magotini, anakula mahindi ya kuchemsha na baba kwenye sufuria moja, na baba alikuwa kibarua tu. Mimi nilizaliwa nikamkuta. Mradi wa miti ulipoleta Land Rover, mlango wake mmoja ulifungwa kwa mpira wa tyubu, nami nilikuwa nakalia magunia ya viriba vya miche huko nyuma nikijiona waziri, na wanangu wa mtaani mpaka leo hawajawahi kupanda gari la serikali isipokuwa lile la polisi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kumi kumi kwenye safu, na nikikadiria kwa macho ananirudisha mwanzo, anasema, "Mche unahesabiwa kwa kidole. Jicho linapenda kumfurahisha bosi." Harufu ya udongo uliomwagiwa maji asubuhi, mshauri, mimi nikiisikia namwona baba ana mikono yote miwili.

Mwaka tisini na saba wakamhamisha, akapanda mkangazi, na siku hiyohiyo, kutoka tuta lilelile, Madamu Enesi, afisa mwenzake hapa kituoni, naye akapanda wake maana wote wawili walipata barua za uhamisho. Bwana Anyosisye akaenda stashahada, akawa wa wilaya, akaenda Morogoro kusoma digrii na watoto waliokuwa wakimwita babu kwenye foleni ya chakula, akawa wa mkoa, wa kanda, leo ni mkurugenzi. Madamu Enesi wakampeleka bondeni Momba kwa wafugaji, na mpaka leo mwaka huu wa 2013 yuko hukohuko, cheo kilekile. Kila hatua Bwana Anyosisye alimpigia baba kupitia simu ya jirani, na baba alipofariki akaanza kunipigia mimi, kila mwezi, Jumapili ya kwanza. Ananiuliza mti umefika wapi, halafu ananisimulia mambo ya baba enzi za ujana, jinsi walivyokimbizwa na nyuki, jinsi baba alivyokuwa anaipigia miche mluzi. Hakuna mtu mwingine aliyebaki anayemkumbuka baba yangu kijana.

Basi shetani akaja na pikipiki. Bodaboda zilipojaa, mimi kwa akili zangu nikaona mfereji wa kituo uko karibu na kivuli cha ule mkangazi, nikafungua kijiwe cha kuosha, nikaanza na pikipiki nikaja kwenye Fuso za watu wanaongoja foleni ya boda ya Zambia, nilikuwa najulikana, Mzambia mmoja alikuwa ananiita mudala, yaani mzee, na ndevu sina. Maji ya sabuni na oili chafu yalikuwa yanajitafutia njia yenyewe. Mwaka 2010 mti ukapukutika nikasema ni kiangazi. Mwaka uliofuata gome likapasuka. Nikaukata mwenyewe, ofisini nikasema ni mchwa, kuni akachukua Edina mama lishe, na kibati nikakificha chini ya kitanda.

Jumapili yake akapiga, akauliza umefika wapi, nikasema, "Umepita bati, mzee." Mwezi uliofuata nikamwambia kunguru wamejenga. Alicheka vizuri mno, mshauri, nikaona nimwongezee, mwezi wa tatu wale kunguru wakatotoa.

Sasa anastaafu. Tarehe kumi na nne mwezi ujao anarudi kwao Ibaba, na amesema atapitia hapa na wajukuu zake, wale chakula cha mchana chini ya mti wake, wapige picha. Tena ameniandikia barua ya kuniombea nafasi ya ulinzi wa misitu, amesema nianzie chini kama yeye, nikikaza buti watanipeleka cheti, maana mtu aliyetunza mti wa mwenzake miaka yote hii ataaminiwa hata msitu. Rafiki yangu Gibson anayebadilisha kwacha pale boda ameniambia nisihangaike, nihamishie kibati kwenye mkangazi wa Madamu Enesi, umenawiri, unatosha hata kwa waziri, na mama mwenyewe hajawahi kuupigia simu. Anasema, "Boi, mti hauna kitambulisho." Madamu alikuja mara moja tu, akaugusa shina, akacheka, akaniuliza kama nimerudi shule. Bisibisi ninayo. Nikisema kweli naikosa kazi na namkosa mzee na baba pamoja. Nifanyeje? Jina langu andika herufi ya kwanza tu.

L., Mpemba

*

L., mwanangu, barua yako nimeisoma kurasa zote sita, na ile sentensi uliyoandika pembeni ukaikata nayo nimeisoma. Umejisifu simu, umejisifu gari, umejisifu mpaka kunguru ambao hawapo. Nimecheka, kisha nikafika kwenye mikono miwili ya baba yako nikaacha kucheka. Pole kwa kumpoteza. Naona wazi kwamba hukumdanganya Bwana Anyosisye kwa ajili ya kazi, maana kazi imekuja juzi. Ulimdanganya ili Jumapili ya kwanza isipite kimya. Hilo nalielewa. Silikubali.

Kwanza bisibisi hiyo irudishe ilikotoka. Gibson ni hodari wa kwacha, kwenye hili anakupoteza. Yule mama amekaa bondeni miaka kumi na sita kwenye cheo kimoja, wenzake wakimpita huku na huku, na serikalini jina lake limesimama wima sehemu moja tu, hapo kituoni kwenu. Wewe unataka kulibandua na hilo ili mkurugenzi apate kivuli cha kulia wali. Huoni haya? Halafu unafikiri mtu wa misitu atasahau shimo alilochimba kwa mikono yake? Atajua kabla hajashuka kwenye gari, na mbele ya wajukuu atanyamaza kwa heshima. Kunyamaza huko utakukumbuka mpaka uzeeni.

Habari za mti na cheo ziache. Mti wa Bwana Anyosisye umekufa naye akaendelea kupanda, wa Madamu Enesi umeshiba naye yuko palepale. Umekaa na ushahidi uani miaka miwili, hujauona.

Sasa kazi. Wewe unaukumbuka ukubwa wa yule mzee kwa Land Rover na vyeo, lakini ulivyovieleza mwenyewe ni tope magotini na kuhesabu kwa kidole. Kazi unayoombewa, kijana, ni kazi ya kusema kilichokufa. Mlinzi wa msitu anapeleka taarifa kwa mtu aliye mbali, na yule wa mbali hana macho mengine. Akiambiwa msitu unastawi, analala. Ndivyo milima inavyobaki vipara huku ofisini kila karatasi ni ya kijani. Ukiipata nafasi hiyo kwa kibati cha kuhamisha, utakuwa umeshaanza kazi vibaya kabla ya kupewa sare.

Kwa hiyo fanya hivi. Kijiwe chako kihamishe wiki hii, kipeleke mahali penye karo la kuzuia oili, na kama huna pa kukipeleka kifunge, maana mkangazi wa Madamu Enesi unakunywa kutoka ardhi hiyohiyo. Ofisini uliwaambia ni mchwa, kawaambie ni wewe. Kisiki usikifukie wala usipande mche juu yake kujifanya umetubu, kiache kionekane. Madamu Enesi mtumie ujumbe, mwambie mti wake mzima na umwalike tarehe hiyo kumi na nne, kisha umjibu lile swali la shule alilokuuliza, maana bila kidato cha nne siku hizi huo mlango wa cheti ni mwembamba kuliko alivyoukuta mwenzako na mabuti yake ya mpira.

Na mzee mpigie wewe, usingoje Jumapili. Si ujumbe, piga. Usianze na salamu ndefu wala habari za baba, hapo utalia na yeye atakusamehe kabla hajajua anasamehe nini. Sema hivi: mzee, mti wako ulikufa miaka miwili iliyopita, nimeuua mimi kwa maji ya oili, nikaukata, nikakudanganya, na ile barua usiipeleke mpaka uje uone mwenyewe. Usimtaje shetani. Anaweza kukata simu, anaweza asikupigie tena, na hilo siwezi kukuahidi vinginevyo. Ukishamaliza kusema, usiongeze neno. Mwache anyamaze kadiri anavyotaka, maana mti ulikuwa wake.