Kisu Ambacho Hukunirudishia

Anselmi, mdogo wangu,

Kosa la watu wengi wanapochagua kisu ni kutazama makali. Wanakigeuza juani, wanapitisha kidole gumba, wanasema kinakata, wanalipa. Lakini makali ni kitu cha kutiwa. Kisu chochote chenye chuma kizuri, ukikipa jiwe na subira, kitakata. Kisichoweza kutiwa baadaye ni kile usichokiona dukani, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ukiwa mfupi, kisu kitakaa kimya mwaka mzima, halafu siku moja kitageuka mkononi mwako.

Najua ungecheka hapa. "Mwalimu ameanza somo." Ndivyo ulivyosema kila nilipofungua mdomo, umekaa juu ya debe lako mlangoni pa banda la ng'ombe. Nivumilie. Safari hii mwanafunzi ni mimi, na somo limenifikia nikiwa nimechelewa.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Masika yalikuja kwa nguvu, udongo wa kaburi lako ukashuka. Tumeujaza mara mbili. Ng'ombe amezaa, ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji kama mama yake. Binti yako Neema ndiye anayewalisha. Ameacha kazi ya duka kule Holili, amerudi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na hataki mtu amsifu kwa hilo. Kahawa ile ya upande wa mfereji imebeba vizuri. Debe lako lipo pale pale. Hakuna anayelikalia, na hakuna aliyekatazwa.

Kisu cha baba unakikumbuka kuliko mimi. Mhunzi alikifua kutoka kwenye springi ya lori, chuma kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, na vipande viwili vya mti vimebanwa kwa ribiti tatu. Cheusi, kifupi, mgongo mnene. Kilishika kutu ukikisahau mvuani, kwa hiyo hukukisahau. Kwa kisu hicho ulikata kamba za mizigo ya majani, ulimenya ndizi za mtori, ulichonga vigingi, ulichana vigogo vya migomba, ulichuna mbuzi wa Krismasi. Wewe kitinda mimba ulibaki na kihamba na kisu. Mimi nikapata shule, kisha nyumba mjini, Shirimatunda. Kihamba sikukuonea wivu. Kisu, kidogo.

Krismasi ile, tulipopanda wote nyumbani, nilikukuta unachuna mbuzi. Nikakutania mbele ya wakwe: "Anselmi, hicho ni kisu au ni ukucha wa marehemu baba?" Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Ndipo nikatoa kile nilichokununulia mjini. Kirefu, kinang'aa kama kijiko cha harusini, mpini mwekundu, na ala ya ngozi. Ulikipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, kaka." Ukakipima kiganjani, macho umefumba. Nilidhani furaha imekunyima maneno.

Sasa najua kwamba ulikuwa umeshajua. Kiganja chako kilisoma pale pale kitu ambacho mimi, na vyeti vyangu vyote, sikukiona. Lakini kwetu zawadi ya kaka hairudishwi. Ulikifunga kiunoni, ukachukua cha baba na kukiweka darini jikoni.

Siku ile ya Februari ulikuwa unachana kigogo cha mgomba. Mtu asiyejua atasema mgomba ni mlaini, hauna hatari. Hatari yake iko hapa: ukiuchana kwa urefu, unasukuma chuma huku unakisokota, na kusokota ndiko kunakoumbua mpini. Chuma kikageuka, kikakuingia kiganja cha kushoto. Mama Neema anasema ulikandika unga wa kahawa, ukafunga kitambaa, ukamaliza kulisha ng'ombe. Alipokuambia uende ukachomwe sindano ulimwambia, "Kwa mkwaruzo huu?" Kisu kilikuwa na samadi. Baada ya wiki moja taya lilikaza. Tulipokufikisha hospitali, daktari alisema pepopunda, akasema tumechelewa. Nilikushika mguu, kwa sababu mikono yako ilikuwa imekakamaa na nilishindwa kuitazama. Sikujua bado ni kisu kipi. Hata sikuuliza.

Matanga yalipokwisha, Mama Neema aliniita jikoni. Akanipa kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. "Shemeji, aliniambia nisikuonyeshe."

Kilikuwa kisu changu. Mpini wote umezungushiwa mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama mguu wa mgonjwa. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuufungua, na ulikuwa umeukaza vizuri, Anselmi, ulikaza kila kitu vizuri. Chini yake mpini ulikuwa umepasuka, na mkia wa chuma haukuzidi kiungo kimoja cha kidole changu. Kiungo kimoja.

Nikamuuliza kwa nini kilipoanza kucheza hukurudia kisu cha baba. Akainamia moto. "Alisema, kaka akija akakuta natumia cha zamani, atajisikia vibaya."

Kwa hiyo ulikufa ukinistahi.

Nimekaa na neno hilo tangu Machi. Nikiamka linanisubiri. Nilifundisha watoto wa watu kupima kabla ya kukata, kujaribu kabla ya kuamini. Mdogo wangu nikamchagulia chuma kwa rangi ya mpini. Na kila nilipokuja ulijua nitakitafuta kwa macho kiunoni mwako. Nilikitafuta kweli. Nilifurahi kukiona.

Wiki mbili zilizopita Neema aliniamkia, nikaitikia, akasema, "Baba mkubwa, nataka unichagulie kisu. Mpini wa cha babu ni mnene mno kwa mkono wangu."

Nikamwambia amtafute mtu mwingine, mtu yeyote.

"Mama amesema nisimwombe mtu mwingine."

Nilitoka nje nikajifanya natazama ndama.

Jumamosi tulishuka naye mjini. Muuzaji mmoja sokoni akatudaka, "Mzee, chukua hiki, kinakata unywele!" Nikamwambia hatujaja kunyoa mtu. Akatoa cha kukunja. Nikamweleza Neema, na watu wawili waliosimama wakasikiliza pia, unanijua, kwamba cha kukunja ni cha mfukoni. Kina kiungo, na kiungo ndipo uchafu unapojificha na ndipo kinapovunjikia. Kisu cha kazi za kila siku kiwe chuma kimoja kisichokunjwa. Ubapa usizidi urefu wa kiganja chako, maana urefu wa ziada unauzuia mkono kujua ncha iko wapi. Mgongo uwe mnene kiasi cha kuegemeza kidole gumba bila kuumia. Chuma kisichoshika kutu kinawafaa wavivu. Kinachoshika kutu hunoleka upesi, ila kinataka kufutwa na kupakwa mafuta. Mkia ufike mwisho wa mpini, uuone kwa macho, na ribiti uzihesabu. Kiwe na ala ngumu. Yote hayo niliyasema bila kukosea. Yote hayo niliyajua hata Krismasi ile, kama mtu angeniuliza.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikukufanyia wewe. Nikafunga mdomo, nikamwachia ashike. Alifumba macho kama wewe. Alikunja ngumi, akasokota hewani, akarudisha. Akarudisha tena. Viwili nilivyovipenda alivirudisha upesi kuliko vyote. Mwishowe akashika kimoja kifupi, mpini wa mti usio na rangi, sura mbaya. "Hiki, baba mkubwa. Hata kama hukipendi."

Sikukipenda. Tukakinunua.

Leo asubuhi nimepanda kihambani peke yangu. Nilikishusha kisu cha baba kutoka darini, nikakifuta, nikaenda mpakani kwenye masale, mimea yetu ya kuombea msamaha, nikakata majani mawili. Nimeyafunga fundo kama tulivyofundishwa. Jani la kwanza nimempa Mama Neema. Akalipokea, akalichomeka kwenye paa la jiko, akanipakulia mtori. Niliukoroga mpaka ukapoa.

La pili nimelilaza juu yako. Mila inasema aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Lakini mila inataka mkono wa kulipokea, Anselmi, na mimi nilisimama pale, mzee mzima, nikisubiri mkono. Ukungu ulipita kwenye migomba. Mvua ikaanza, jani likalowa, fundo halikufunguka. Sijui kusoma hilo. Nimesoma mengi, hilo sijui.

Kisu changu nimekivunja kwa nyundo, kipande kimoja kimoja, nikakitumbukiza katika shimo la choo cha zamani. Cha baba nitakipaka mafuta kila Jumapili baada ya misa, hadi nilazwe hapo upande wako wa pili. Na ninakuahidi jambo moja, mimi kaka yako niliyekuwa na maneno mengi: sitampa mtu kitu tena bila kumpa pamoja nacho ruhusa ya kukikataa.

Lala, mdogo wangu. Ng'ombe wamekula.

Barua hii ataisoma Neema, kwa kuwa wewe huwezi. Neema mwanangu, leo, kabla hujaenda kukata majani, funga chuma cha kisu chako kwa kitambaa kinene, ushike mpini kwa mkono wa pili, ukisokote kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, nirudishie.