Sifuri ya Mama Mkubwa

Jumatatu, 11 Agosti
Oya mwanangu daftari. Chipu nne leo, mbili zimeziba. Nimeziosha, nikaanza upya. Kipande cha plastiki saizi ya kibiriti, ndani vijia vyembamba kuliko unywele. Damu inapita, seli za kansa nyingi ni kubwa, zinakwama. Basi. Na mimi nilikuwa fundi simu tu Mkuyuni, nikijifunza kwenye video, mpaka Dokta Koku akanichukua maabara.

Damu ya mwisho ilikuwa ya mama mkubwa Adela. Ndiye kanilea. Alitibiwa kansa ya titi mwaka jana, amejitolea kwenye utafiti. Nimehesabu zilizokwama kwenye darubini. Sifuri. Nimeruka kwenye kiti.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepita kwake Buswelu. Shikamoo, marahaba, chai. Akauliza tumeona nini. Haturuhusiwi kusema, ule ni utafiti tu. Nikasema. Sifuri, mama mkubwa, uko safi. Akanishika mkono, hakuuachia.

Jumamosi, 16 Agosti
Jumuiya imesali kwake. Katoa shukrani mbele ya wote, mkungu wa ndizi na mchele. Kasema amepona, mwanae kaona kwa macho yake. Vigelegele. Jirani yake akanivuta pembeni: "Na mimi nipimie, nina uvimbe hapa begani."

Nikacheka. Halafu nikasikia Alhamisi mama mkubwa alikuwa na kliniki, hakwenda. Kasema: "Nikapange foleni ya nini, na mimi nimeshapona?"



Jumapili, 17 Agosti
Nimerudi maabara kuangalia picha za darubini za Jumatatu. Kiputo cha hewa kwenye mlango wa chipu yake. Damu imepita pembeni yote. Hata zile seli za kujaribia, tunazotia makusudi, hazikukwama. Jumatatu sikuziangalia. Nilikuwa na furaha.

Mjinga mimi.

Nimempigia Dokta Koku. Hakufoka. "Hata bila kiputo, sifuri ya chipu haimtoi mtu kliniki. Kamwambie."

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwambia. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya.

"Nimeshashukuru, Deo. Nikawaambie nini wenzangu?"

Nikasema nitawaambia mimi. Nimezunguka nyumba za jumuiya, moja moja. Aibu. Kwenye moja wamenicheka: "Fundi simu bwana, umeturudishia mama bila chaji." Jirani wa begani nimemwambia naye aende hospitali. Kaninunia.

Jioni mama mkubwa katuma ujumbe. Jumatano, saa moja, usichelewe.

Jumatano, 20 Agosti
Kliniki. Foleni ndefu. Kagoma nimbebee faili.

Wameita jina lake. Nikasimama.

"Wewe baki hapo. Umeshanisomea vya kutosha."

Nimebaki. Mlango wameuacha wazi kidogo, namwona mgongo tu. Mabega ameyakaza.

Mwanangu, ungekuwa wewe, ungeingia?