Kiti cha Mama Mbele ya Pazia

Kaka Yaredi,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Kibakwe, na kile kifua cha shemeji kimeshaachia. Vitunguu mmevuna au bado mnabishana na madalali? Huku sisi tupo. Mama ni mzima. Mguu umepungua uvimbe na anatembea mwenyewe mpaka dirishani, anaangalia theluji, anarudi kukaa. Eliza yupo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yangu ni ndogo, na Mama, kama unavyomjua, anasikia hata ukinong'ona chooni. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Chamwino anayesoma huku. Ataiacha kwa shangazi pale Area D, nawe utaipata kwa gari la kwanza linalopanda Kibakwe. Kuna jambo inabidi ulijue kabla hujaongea tena na Eliza. Nitalieleza lilivyokwenda.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mama aambiwe tu kwamba Eliza amepasuliwa tumbo, anapona polepole, na anataka mtu wa nyumbani wa kumwangalia. Hayo mengine, kwamba saratani imeshasambaa na madaktari wameacha kutibu, wanampa dawa za maumivu tu, Eliza alisema atamwambia mwenyewe. Alituambia kwenye simu, mimi nikiwa huku na wewe huko: "Asisikie kwa mtu mwingine. Ni mama yangu, nitamwambia mimi." Tukakubali.

Nilipokuja kumchukua Mama, safari ilianza vizuri. Treni ya umeme kutoka Dodoma Mama aliipenda, ila alilalamika inakwenda haraka kiasi kwamba huwezi kujua mahindi ya nani yamekauka. Ndege ya kwanza kutoka Dar es Salaam tulikaa pamoja. Ni ile ya pili, ndefu, inayovuka bahari na mabara kutoka Uarabuni mpaka Kanada, ndimo tulimotengana.

Daktari wa Dodoma alikuwa ameniambia wazi kwamba kwa mguu ule damu inaweza kuganda, na Mama asikae amekunja magoti safari yote. Kwa hiyo mimi na Eliza tukamkatia kiti cha daraja la katikati. Sijui kama umewahi kuliona. Mbele kabisa kuna wale wanaolala vitandani kama wako kwao. Nyuma kabisa tuko sisi, magoti kifuani. Katikati kuna sehemu ndogo yenye viti vichache, vipana, vinavyoegemea nyuma, na chini kuna kitu kinainuka kupokea miguu. Kati yao na sisi kuna pazia. Cha kwangu hakikuwezekana. Kwa hiyo Mama alikaa mbele ya pazia, mimi nyuma yake, safu kadhaa.

Nilimketisha, nikamfunga mkanda, nikamwonyesha kitufe cha kuinulia miguu na kitufe cha kumwita mhudumu. Jirani yake alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu sana, ndevu nyeupe, anasoma gazeti. Mama alimsalimia. Mzee akatikisa kichwa. Mama akaniuliza, "Huyu ni bubu?" Nikamwambia hajui Kiswahili. Akasema, "Hata kuguna hajui?"

Ndege ilipotulia angani nikaenda kumwangalia. Walikuwa wamempa kitambaa cha moto, akajifuta mikono vizuri, kisha akakaa akisubiri chakula, kwa sababu kwetu mtu akikunawisha anakulisha. Chakula kilikuwa bado. Walimletea mvinyo kwenye glasi akakataa, akaomba chai, wakampa chai isiyo na maziwa. Soksi walizompa alishazivaa. Kile kifurushi chake cha khanga, chenye mlenda mkavu na karanga za Eliza, mhudumu alitaka kukiweka juu, Mama akakishika kwa mikono miwili mpaka yule binti akaachia. Nikaona kila kitu kiko sawa, nikarudi kwangu.

Nje jua lilikuwa linawaka, lakini waliamuru madirisha yote yafungwe ili watu walale. Nami nilikuwa nimeanza kusinzia mhudumu aliponigusa bega. Akasema mama yangu ananiita.

Nikapita pazia. Mama alikuwa ameshusha miguu chini na ameegemea mbele kama mtu aliyeko kwenye benchi la hospitali.

"Yohana, kaa hapa."

"Hakuna nafasi, Mama. Kiti kina mwenyewe."

"Basi chuchumaa."

Nikachuchumaa njiani.

"Kiti hiki kimelipiwa na nani?"

"Mimi na Eliza. Kwa ajili ya mguu wako."

"Mguu huu," akasema, akiupiga kofi, "nimeupeleka Mpwapwa mjini nimesimama kwenye basi. Nimelima nao. Nimemzika nao baba yenu. Hakuna mtu aliyewahi kuununulia kiti." Akaivuta soksi juu. "Nimekaa hapa nikafikiri, maana hakuna wa kuongea naye. Umeacha kazi yako ukanifuata mwenyewe. Hati ya kusafiria imepatikana upesi kuliko ya mtoto wa mkubwa. Yaredi kila nikimuuliza habari za Eliza anaanza kuongelea vitunguu. Sasa nawekwa kwenye kiti cha wakubwa. Mgonjwa anayepona hafuatiwi mtu hivi."

Nikasema, "Mama, lala kidogo."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Niangalie. Napelekwa kuzika?"

"Hapana, Mama. Yupo. Jana nimeongea naye."

"Anakufa?"

Kaka, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Lakini alikuwa ameshanishika kidevu, kama alivyokuwa akitushika tulipokuwa wadogo akitaka kujua nani kamwaga maziwa, na nilijua nikisema hapana sasa hataniamini siku nyingine yoyote, hata nikimwambia maji ni maji. Nikasema, "Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndefu, akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nilibaki pale chini nimeshika mguu wake kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa nacho karibu. Mhudumu akaja, si yule wa kwanza, mwingine. Akaniambia kwa upole kwamba siruhusiwi kuziba njia na kwamba abiria wa nyuma wakae nyuma. Nikamwambia ni mama yangu, amepata habari mbaya. Akasema anasikitika sana, ila ndege inaweza kutikisika wakati wowote na lazima nifunge mkanda. Alikuwa anafanya kazi yake. Nikainuka.

Hapo yule mzee mrefu akakunja gazeti lake. Aliniuliza namba ya kiti changu. Nilipomtajia akavaa viatu, akachukua begi lake na miwani, akasimama. Mhudumu akaanza kumweleza kwamba kule nyuma ni pabana, kwamba yeye amelipia hapa. Akamjibu, "Najua nilicholipia." Akainama kupita chini ya rafu, akavuka pazia akaenda. Baadaye nilipokwenda chooni nilimwona kwenye kiti changu, magoti yake karibu yaguse masikio, amelala mdomo wazi.

Kwa hiyo nilisafiri sehemu iliyobaki kando ya Mama, kwenye kiti kipana, miguu imeinuliwa. Niseme ukweli, kiti ni kizuri. Mgongo hauumi.

Alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya khanga, akaanza kuuliza. Ugonjwa gani, uko wapi, anaumwa sana, analala, anaoga mwenyewe. Nikamjibu yote. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Kaka Yaredi."

"Yaredi anajua," akarudia. Basi. Sikuona hasira. Ila jiandae, atakuuliza siku moja, nawe usimtajie vitunguu.

Nikamweleza kwamba hatukumficha kwa kumdharau. Eliza ndiye aliyeomba, alitaka kumwambia kwa mdomo wake. Chakula kikaja kwenye sahani za udongo na vijiko vya chuma. Mama akala chote, hata ule mkate mgumu. Nikamshangaa. Akasema, "Nile nipate nguvu. Nikifika nimeishiwa, nitamsaidia nini?"

Kisha akasema, "Usimwambie Eliza kwamba umeniambia."

"Mama, utaweza kumsikiliza kama hujui?"

"Kwani najua nini? Najua neno moja ulilonipa wewe. Anayeumwa ni yeye. Mwache aseme."

Tulipotua watu wote walisimama njiani kama kawaida. Yule mzee akatokea nyuma ya pazia, amejikunja bado, akamwinamia Mama kidogo. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kigogo maneno marefu sana. Mzee aliyasikiliza mpaka mwisho. Mimi sikutafsiri, na hakuniomba.

Kutoka uwanjani tulikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya wagonjwa anakotunzwa Eliza. Nilitaka apumzike kwanza, akakataa. Eliza alikuwa amemwomba nesi amkalishe, ameegemea mito, amefunga kitambaa kichwani kuficha nywele zilizobaki. Amekwisha, kaka. Ukiona picha nilizokutumia, ongeza. Akasema, "Mbukwa, Mama." Sijamsikia akisalimia Kigogo tangu tuje huku. Mama akamwitikia, akapanda juu ya kitanda na koti lake na viatu vyake, akakaa hapo kando yake. Nesi akamwacha.

Walikaa hivyo wanaulizana habari za watu, nani kaolewa, nani kahamia Dodoma, ng'ombe wa nani wameingia shambani. Halafu Eliza akasema, "Mama, kuna jambo nataka nikwambie. Usikatishe, nikikatishwa sitaweza." Mama akasema, "Sema, mwanangu." Eliza akasema yote. Mama alimsikiliza kama mtu asiyejua lolote. Hakuniangalia hata mara moja. Eliza alipomaliza, Mama akalia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza, nina hakika. Halafu akauliza maswali yaleyale aliyoniuliza mimi kwenye ndege, moja baada ya jingine.

Nami nikasikia majibu ambayo sikuwa nayo. Eliza alimwambia kwamba maumivu ni makubwa kuliko anavyotuambia. Akamwambia kwamba kufa anakuogopa, ila kinachomnyima usingizi ni kuachwa huku, kwenye ardhi iliyoganda, mahali ambapo hakuna atakayepita akapalilia. Alikuwa hajaniambia hilo kwa sababu hakutaka kunibebesha mzigo wa kumsafirisha. Mama akamuuliza, "Unataka wapi?" Akasema, "Karibu na Baba." Mama akasema, "Basi. Utalala karibu na baba yako, na mimi ndiye nitakayekwenda na wewe." Eliza akafumba macho, na usiku huo, nesi aliniambia, hakubonyeza kengele ya kumwita.

Kwa hiyo, kaka, naomba mambo mawili. Kwanza, uongee na wazee kuhusu ile sehemu iliyo upande wa juu wa kaburi la Baba, kabla mtu mwingine hajaiwekea mawe. Fanya taratibu, bila kutangaza. Mama hatarudi kabla hajamleta Eliza, kwa hiyo usimsumbue kwa kumuuliza tarehe.

Pili ni hili lililonifanya nichukue kalamu. Jioni ya siku ileile, Mama alipotoka kutafuta jiko la kupikia mlenda, Eliza aliniita karibu. Uso wake ulikuwa mwepesi, sijui nisemeje, kama mtu aliyetua kuni. Akaniambia, "Nilikuwa naogopa siku zote hizi, na kumbe nimeweza. Nilimwambia vizuri, eti?"

Nikamwambia, "Ulimwambia vizuri sana."

Atakuuliza na wewe. Mjibu hivyohivyo.

Msalimie shemeji, na umshukuru kwa alivyoukanda ule mguu muda wote kabla ya safari. Daktari wa huku ameusifu. Msalimie mjomba wa Chamwino aliyetusindikiza stesheni, na shangazi wa Area D aliyetulaza. Mchungaji mwambie tunahitaji maombi, asiulize ya nini. Na yule jirani yetu Mrangi mwenye duka la vitambaa, mwambie ile khanga aliyompa Mama ya safari imefika, na kwa sasa Eliza ndiye anayejifunika.

Mama anatoka bafuni, naifunga hapa.

Mimi mdogo wako,
Yohana