Bakuli la Spinachi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, wewe na mafundi wenzako mnaojenga hilo daraja lisiloisha. Natumaini kifua kimepona, na lile vumbi la saruji ulilokuwa unalilalamikia limekuzoea kama si wewe kulizoea. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama na nguo zinanipwaya utadhani nimeziazima. Kantini ya kiwanda bado nipo. Wapakiaji bado wananung'unika kwamba maharage yangu yana mawe, nami nimewaambia wayaweke kando, yakitosha nitajengea choo.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na safari hii nikikatizwa sitaweza kuanza tena. Isome ukiwa umekaa, na usimsomee mtu.

Ni habari za mke wako. Leo ni mwezi wa nne tangu umrudishe kwao, na wewe ukipiga simu unauliza habari za paa, za pampu, hata za paka wa jirani, lakini yeye humtaji. Nyumba imepooza. Kile kijibustani chake nyuma ya jiko kimebaki magugu matupu, kwa sababu mimi siwezi kushika jembe pale, na utaona ni kwa nini.

Nirudi nyuma kidogo, univumilie. Juzi nilisafisha kabati la jikoni nikaikuta ile sufuria ndogo ya Mama, ile nzito uliyoichomelea mpini ulipokuwa unajifunza kazi, ukatoka umepinda. Mama alikataa kuitupa. Alisema mpini uliopinda unamkumbusha nani amekula ada yake ya ufundi. Nikaishika nikakaa nayo chini, sakafuni, nikalia kama mtoto.

Unakumbuka alivyokuwa akitengeneza sosi yake ya spinachi. Miaka ishirini na miwili katika jiko la hoteli, na kitu pekee alichokuja nacho nyumbani, ukiacha miguu kuvimba, ni ile sosi. Spinachi mbichi imeoshwa mara tatu, imekaushwa kwa kitambaa mpaka haina tone, iko kwenye bakuli inasubiri. Kitunguu kinakaangwa kwa moto mdogo mpaka kiwe rangi ya chai. Sukari vijiko viwili, iyeyuke bila kuungua. Halafu siki, na hapo unageuza uso maana mvuke wake unapanda puani na kutoa machozi. Chumvi, haradali kidogo, ichemke mara moja tu, kisha inamwagwa ya moto juu ya majani na bakuli linafunikwa sahani. Mama alikuwa akihesabu mpaka ishirini kwa sauti. Alisema majani hayo hayapikwi, yanatishwa tu. Na wewe ulikuwa umesimama pembeni ukisubiri kulamba sufuria, mpaka ukaota ndevu unasubiri kulamba sufuria.

Mke wako hakufundishwa. Hilo nalo unalikumbuka, ingawa tulikuwa tunalicheka. Miaka minane ndani ya nyumba ile, na kila Mama alipotoa siki kabatini alimtuma wifi akaanue nguo hata kama bado zinachuruzika maji, kisha akafunga mlango wa jiko. Alisema hiyo sosi ni ya watoto wa tumbo lake. Wifi alikuwa akikaa nje kwenye ngazi na nguo mbichi mapajani, anasubiri mlango ufunguliwe. Mimi nilikuwa ndani nakoroga, najiona mtu wa maana.

Kisha figo za Mama zikachoka. Daktari alituandikia ile karatasi, na wifi ndiye aliyeibandika kwenye mlango wa kabati na kuisoma kila siku kama anaenda kufanyia mtihani. Chumvi hakuna. Ndizi hakuna. Majani yoyote yachemshwe mara mbili na maji yamwagwe, kwa sababu kilichomo ndani ya majani, figo zikishindwa kukitoa, kinakwenda kusimamisha moyo. Wifi alichemsha, akamwaga, akachemsha tena. Mama alikula akisema ni kama kutafuna tambara la deki, akampa wifi jina la askari jela. Askari jela huyo ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimkata kucha, akipanga foleni ya dawa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nakuja baada ya kazi na stori za kantini, na nikapewa sifa zote.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Mama alifariki Jumapili asubuhi, moyo wake ukisimama ghafla kama daktari alivyokuwa ametuonya, nawe ukafika jioni. Kesho yake mkawa mnatoa godoro, na chini ya kitanda ukakuta bakuli. Ndani yake kulikuwa na majani matatu yamejikunja, na mafuta yameganda. Shangazi akasema mbele ya watu wote kwamba mkwe amechoka kuuguza, ameamua kumaliza kazi. Wifi akasema yeye Jumamosi alipika uji na viazi vilivyochemshwa, na mchana alikuwa kwenye foleni ya dawa. Shangazi akauliza kama bakuli lilitembea lenyewe. Wewe ukaliinua bakuli, ukaliweka chini, ukamwambia mke wako afunge mizigo. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Mimi uliyenibatiza jina la Chiriku kwa sababu sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, siku ile nilinyamaza.

Kaka, ni mimi niliyempa.

Ilikuwa Jumamosi. Wifi alikuwa ameenda kwenye dawa, nami nilitoka kazini mapema. Mama akaniita akaniambia kinywa chake kimekufa kabla yake. Akaomba bakuli moja, moja tu, la spinachi na sosi ya moto. Nikamwonyesha karatasi ya daktari. Akaniuliza nilizaliwa na yeye au nilizaliwa na karatasi. Nikaenda kuchuma kwenye bustani ya wifi, mafungu matatu, na nilipokuwa nachuma nilijidanganya kwamba sosi ya moto nayo ni moto, kwamba majani yakilegea yameiva, na yakiiva ni sawa na kuchemshwa. Mimi ninayepikia watu mia nne kila siku. Nilijua vizuri kwamba hakuna maji yaliyomwagwa, kwamba kila kilichokuwa ndani ya majani yale kilibaki humo humo. Nilijua, nikakaanga kitunguu.

Alinielekeza kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. Bado, alisema, bado, sasa sukari. Alihesabu mpaka ishirini kwa sauti yake ile iliyokuwa imekwisha. Alikula karibu lote, akanywa na sosi iliyobaki chini kwa kuinua bakuli, kisha akasema siki imepungua. Tukasikia geti. Nikasukuma bakuli chini ya kitanda, naye akaziba mdomo kwa mkono akicheka kama mtoto wa shule. Wifi alipoingia aliuliza kuna harufu gani, nikamjibu ni ya nguo zangu za kazi. Ndivyo nilivyomwacha Mama, akiwa anacheka, na sikumkuta tena mzima.

Mwezi uliopita nilimfuata daktari nikamweleza. Alisema bakuli moja laweza kutosha na laweza lisitoshe, figo zenyewe zilikuwa zimefika mwisho, na hakuna atakayejua sasa. Kwa hiyo sijui kama nilimuua mama yetu. Nitazeeka sijui. Lakini wifi najua nani alimwangamiza, na hilo halihitaji daktari.

Jumapili iliyopita nikaenda kwao. Nilimkuta chumba cha nyuma kwa baba yake, kwenye cherehani, anashona sare za shule. Amekonda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema alijua tangu siku ile ile. Alisema miaka minane aliinusa siki na sukari ile kupitia mlango uliofungwa, hawezi kuikosea. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema alikuwa anasubiri aone nani kati yetu wawili atasema.

Nikamuuliza wawili gani. Akasema kwamba wewe, kabla ya kuliweka lile bakuli chini, ulilipeleka puani. Kisha ukanitazama mimi, si yeye. Halafu ndipo ukamwambia afunge mizigo.

Mimi sikuona, kaka. Nilikuwa natazama sakafu. Nimekaa na maneno hayo juma zima, nikitafuta namna ya kuyakanusha kwa niaba yako, nimeshindwa. Mtu aliyelamba ile sufuria miaka yote ile hawezi kunusa akakosa kujua. Wala sikulaumu kwa kunificha. Naumia kwa sababu nadhani ulinipenda, na ulichotumia kunilipia hakikuwa chako.

Shangazi nimeshamwambia, yeye na wale wote waliokuwepo. Hanisalimii tena, na ameniambia nisikanyage kwake mpaka azikwe. Nimekubali. Wifi amesema hatarudi kwa barua yangu wala kwa machozi yangu. Atasikiliza siku utakapofika mwenyewe na kusema, mbele ya hao hao waliosikia akifukuzwa, kwamba ulinusa. Hakuahidi kurudi hata hapo. Alisema atasikiliza.

Nilipoaga, aliniita nikiwa mlangoni. Akaniuliza ile sosi inatengenezwaje. Tukaingia jiko la baba yake, nikamfundisha yote, kitunguu, sukari, siki, kuhesabu, na mlango nikauacha wazi. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Hakutabasamu wala nini. Akasema siki imepungua.

Nisalimie mafundi wenzako, na yule mzee anayewapikia, mwambie achambue maharage. Majirani wanakuulizia, na paka wao ni mzima, kwa kuwa unamjali. Nyumbani ufunguo uko pale pale. Ukija, pitia kwanza kwa mkeo, mimi nitakusubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku