Leso Usiitafute

Wifi Mkawasi,

Lori la jeshi limefika ukiwa bafuni unamwogesha Mghoi, kwa hivyo natangulia kambini Nanyuki na vyombo vya kuhamia. Kesho mje na basi. Uji uko kwenye thamosi. Mwanao Derrick mvalishe sweta, baridi ya huko si mchezo.

Sikungoja tuagane. Asubuhi binti yangu aliniona na kombati, akanipita kama anayempita askari wa geti, akaenda kugonga mgongo wako abebwe. Miezi minane nimelinda mpaka, kumbe nyumbani mtoto nimekuachia akawa wako! Nawe ukacheka, “Atakuzoea tu, wifi.” Mimi ndiye wa kuzoewa? Nilitabasamu, lakini kwa wivu chai niliiacha mezani.

Mkishafika, ~~wewe geuza na basi hilo hilo~~ kaa kwetu kidogo, asije akalia usiku.

Na ile leso unayombebea usiitafute. Nimeichukua mimi, na sitaifua. Mkishuka stendi mtanikuta nimejifunga. Labda akinusa jasho lako atakubali mgongo wangu.

Wifi yako,
Mama Mghoi