Alama ya Msumari Kwenye Gia

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kombewa tu wazima. Nyanya yako anakusalimu, na goti langu ni lile lile. Umeniuliza kama umwachie simu yako fundi usiyemjua.

Miaka ya themanini nilikuwa na rili kuukuu ya kukunjia uzi wa ndoano. Samaki mkubwa kama mbuta akivuta, fremu ya rili ilipinda. Fundi Ouko wa Luanda Kotieno akasema ana fremu mpya ya alumini. Nimwachie rili wiki moja, atahamishia gia zangu humo. Wiki nzima ya nini? Mafundi nawajua: unapeleka spea nzuri, unarudishiwa mbovu. Kabla ya kumpa, nikaifungua nikachora alama kwa msumari kwenye gia, katikati ya meno.

Niliporudi, fremu ilikuwa imara kabisa. Lakini nilipozungusha, ndani kulikwaruza. Nikamkazia macho.

“Omera, ndugu yangu,” akasema kwa huruma, “kuna mtu aliharibu gia yako kwa msumari. Nimeisugua siku tatu, imekataa.”

“Watu ni wabaya,” nikamjibu.

Mwachie simu, mama. Na ukitia alama, tumia rangi ya kucha.

Ni mimi babu yako, wa rili inayokwaruza.