Fundo la Mjomba

2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupunguzia makelele. Mimi mzima wa mwili, ila roho iko juu juu.

Uzi tunaoutengeneza kwa chupa za plastiki unakatika mashineni. Kwanza niliona vitone vyeusi, sasa kila saa nasimamisha mashine. Fundi anasema kati ya chupa za maji zimeingia chupa za aina nyingine, zinazofanana nazo. Hizo zikiyeyushwa huungua na kuharibu tangi zima. Marobota ya chupa hizo yametoka kituo chenu cha kuchambulia. Bosi ametoa muda hadi Ijumaa, tarehe 20, ajulikane aliyeyachambua. Asipojulikana, kituo chote kinaachwa, na kiwanda kinarudi kwenye malighafi mpya inayotokana na mafuta. Ni watu kumi na wawili, mjomba, na chupa zote zitarudi mtaroni.

Macho yako yanaendeleaje?

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu mtundu,

Marahaba. Mgongo haujambo, umenuna tu kama kawaida yake.

Macho yangu yanaona mpaka dhambi za jirani. Unaukumbuka mtaro wa nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza? Mwaka huu maji yamepita bila hata kubisha hodi. Chupa zilizokuwa zikiuziba sasa ni masweta ya watoto wa shule. Kazi kama hiyo niiharibu mwenyewe? Mwambie fundi wenu aitazame mashine yake.

Mjomba wako

16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hali sikuulizi, maana utanidanganya tena. Barua yako ina herufi kubwa kama za ubaoni, na mistari miwili imepandiana. Wewe ndiye uliyenifundisha mwandiko.

Asubuhi nimeshuka ghalani. Marobota manne yaliyobaki yamefungwa kwa fundo lako, lile la kuficha mkia wa kamba ndani, ulilokuwa ukinifungia viatu nikiwa darasa la kwanza. Nimekata kamba zote nikazitupa. Bosi aliponiuliza kama najua ni kazi ya nani, nimesema sijui.

Najua kituo kitaachwa. Wenzako kumi na mmoja watanilaani, na potelea mbali. Sitaki wewe unyooshewe kidole. Toka kwenye meza hiyo ya kuchambulia, singizia mgongo, na usimwambie mtu yeyote. Naogopa, mjomba.

Mpwa wako

16 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi leo nimepumua.

Nilikudanganya. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka jana, la kushoto linalifuata. Lakini kazi ilikwenda, maana nilikuwa natambua kwa kidole gumba. Chupa ya maji ina kipele katikati ya kitako, ile nyingine ina mstari. Mwezi wa nne tukagawiwa glovu mpya, nene. Kidole nacho kikawa hakioni, nami nikaona haya kusema.

Leo nimemwambia mkuu wa kituo kwamba ni mimi, na habari ya kidole na glovu nimemweleza. Akaniuliza kiwandani wataamini vipi. Nikamjibu, "Wamuulize mpwa wangu. Fundo langu analijua, na hajawahi kusema uongo."

Amewapigia simu papo hapo.

Mjomba wako

21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani.

Jumatano nimeitwa ofisini. Mezani kulikuwa na kipande cha kamba kilicholetwa kutoka kituoni, kina fundo lako. Bosi akanikumbusha kwamba Jumatatu nilisema sijui. Ningeendelea kukana, wangedhani unajitwika kosa la mwingine, na kituo kingekwisha. Nikasema, "Ni la mjomba wangu. Na mengine niliyakata mimi."

Kituo kinabaki. Mkuu wenu ameambiwa alete glovu nyembamba, na kila kitako kipapaswe kwanza. Nadhani huku kiwandani hakuna aliyeambiwa wazo hilo ni la nani.

Mimi wameniachisha kazi.

Nimekukasirikia, mjomba, tangu Jumatano mpaka leo, na bado nakupenda kuliko mtu yeyote. Nafika Jumanne. Jumatano asubuhi tunakwenda kwa daktari wa macho, hata kama ni kukubeba.

Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa, uisome mwenyewe.

Mpwa wako